Madaraka ya ndani au uhuru kamili? Mimi nauliza kwanza ufunguo unashikwa na nani

Mshika Ufunguo (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni arudi jioni.

Jumapili iliyopita mtoto wa dada yangu, kijana wa chuo mwaka wa pili, alikuwa kwangu hapa Isevya. Tunachambua mchele, redio inaongea, mara akaniuliza: "Mama mdogo, hivi wazee hapa Tabora 1958 walikubali vipi kura ile ya kibaguzi? Mimi ningedai uhuru wote siku ile ile, mambo ya nusunusu nisingeyataka."

Kwa wasiojua: Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu katika mji wetu huu. Mkoloni alikuwa ameandaa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wenye kura tatu. Kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na kabla ya hapo mpiga kura mwenyewe apimwe elimu yake, kipato chake na kazi yake. Wajumbe wengi walikuja Tabora na neno moja tu mdomoni: tususie. Mwalimu Nyerere akawasihi waingie hivyo hivyo, kwa sababu wakikaa nje viti vitakaliwa na wengine na sheria zitatungwa bila wao. Wakakubali kwa shida. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuanzisha chama chake. Mkutano ule tunauita mpaka leo Uamuzi wa Busara.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Uchaguzi ulifanyika Septemba 1958 na Februari 1959, TANU ikapeta. Septemba 1960 Mwalimu akaunda serikali. Tarehe 1 Mei 1961 tukapata madaraka ya ndani, na tarehe 9 Desemba 1961 uhuru. Hesabu mwenyewe: miezi 7. Kenya walipata madaraka tarehe 1 Juni 1963 na uhuru 12 Desemba mwaka huo huo. Zanzibar, Juni 1963 na Desemba 1963. Kwa wazee wale madaraka yalikuwa kama stesheni ya Tabora kwa abiria wa Kigoma. Unashuka unanyoosha miguu, unanunua chai, mabehewa ya Mwanza yanakatwa, honi inalia, safari inaendelea. Hakuna aliyekata tiketi ya kuishia hapo kwenye jukwaa.

Kijana nilimjibu hivyo akaridhika, akala wali wake akalala. Mimi ndiye niliyekosa usingizi, maana niliona nimemjibu nusu. Wapo watu duniani ambao madaraka ya ndani kwao si stesheni ya kupita. Ndiyo mwisho wa reli. Wameambiwa: mtakuwa na bunge lenu, shule zenu, lugha yenu, kodi zenu kiasi, lakini jeshi, sarafu na mambo ya nje ni ya wote, na mbishane mpaka kesho kama hiyo inatosha au mdai nchi yenu kabisa. Ubishi huo uko Uskoti, uko Katalunya, uko Kameruni ya wasema Kiingereza, na hapa kwetu uko baharini, Zanzibar.

Sasa niwaambie kwa nini jina langu humu ni Mshika Ufunguo. Niko kwenye kikundi cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, wanawake 26. Sanduku letu ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu wa nyumba tatu tofauti. Mimi nina kufuli ya katikati. Mwenyekiti hana ufunguo, mweka hazina hana ufunguo, na sanduku lenyewe linalala nyumba ya nne. Mwaka juzi mwenzetu mwenye kufuli ya kushoto alipata msiba Nzega, akaondoka alfajiri na ufunguo shingoni. Tulikaa chini ya mwembe na sanduku letu limejaa hela zetu wenyewe, tukaliangalia saa nzima. Kuna mama alikuwa anahitaji mkopo wa ada siku ile, akalia. Akapatikana fundi wa kuvunja kufuli, ameshika tindo mkononi. Wazee wa kikundi wakakataa. Tukamchangia yule mama mifukoni, sanduku likarudi limefungwa.

Usiku ule wa Jumapili nikawaza: hii ndiyo hoja yenyewe. Watu wanabishana ukubwa wa sanduku, mimi naona tugombane juu ya funguo. Angalieni madaraka ya ndani yaliyovunjika Afrika hii. Eritrea mwaka 1952 iliunganishwa na Ethiopia kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa. Ilikuwa na bunge lake, bendera yake, lugha zake za Kitigrinya na Kiarabu. Mwaka 1958 bendera ikashushwa. Lugha zikaondolewa. Novemba 1962 bunge likavunjwa na Eritrea ikawa jimbo kama majimbo mengine. Vita vilishaanza 1961, vikaenda miaka 30.

Sudan Kusini walipata mkataba wa Addis Ababa 1972, serikali yao ya ndani Juba, bunduki zikanyamaza. Sheria yenyewe ilisema haibadilishwi mpaka watu wa kusini wenyewe waulizwe. Mafuta yakagunduliwa karibu na Bentiu mwishoni mwa miaka ya 70. Juni 1983 Rais Nimeiri akaikata kusini vipande vitatu kwa amri yake, bila kumuuliza mtu. Kameruni nayo ilianza kama shirikisho mwaka 1961 na shirikisho likafutwa 1972. Kenya ilianza uhuru na majimbo 7 yenye mabunge yake, na yalipofika maadhimisho ya kwanza ya uhuru, Desemba 1964, majimbo yalishanyang'anywa meno.

Kote huko sanduku lilikuwepo, tena zuri. Funguo zote zilikuwa kwa mtu mmoja. Karibuni tujadili.

Kijana wa Chemchem

Mama shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho na naona umenisaidia mimi badala ya kunipinga. Kama kila aliyepewa madaraka ya ndani alinyang'anywa, basi dawa ni moja: toka, jenga nyumba yako, kufuli yako, ufunguo wako. Mpangaji hata awe na mkataba wa miaka 100, siku mwenye nyumba akiamka vibaya vyombo vinatolewa nje. Eritrea mwishowe walipata wapi amani? Walipopiga kura yao 1993 wakawa nchi. Sudan Kusini vivyo hivyo, Januari 2011, karibu asilimia 99. Watu asilimia 99 hawawezi kuwa wamekosea wote.

Mwana Ujiji

Marahaba hizo anazipokea mama mwenyewe, mimi nakuongezea kuni, kijana.

Nipo Kigoma, naandika nikiwa Kibirizi nasubiri boti. Dada yangu mleta uzi, kuna kitu uhuru kamili unakupa ambacho madaraka ya ndani hayakupi hata uwe na kufuli kumi, na ushahidi uko hapa bandarini kwetu. Wabelgiji waliiteka Kigoma na Tabora kwa Mjerumani mwaka 1916. Walipoondoka 1921 waliwekeana mkataba na Mwingereza, kwamba Ubelgiji ipewe eneo lake ndani ya bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kupitishia mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Moja! Ardhi ya ziwa hili, bei yake haifiki debe la dagaa.

Mei 1961 tumepata madaraka ya ndani. Tuna waziri mkuu, tuna baraza la mawaziri. Je, tungeweza kuukataa mkataba ule? Hapana, kwa sababu mambo ya nje yalikuwa bado ya Malkia. Ilipofika Novemba 1961, uhuru uko mlangoni, ndipo Mwalimu akatamka bungeni kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na mkataba wa milele uliowekwa na mtawala wa kigeni. Neno lile huwezi kulisema ukiwa kwenye stesheni ya kupita. Unalisema ukiwa mwenye nyumba.

Ila na mimi niwe mkweli, maana ng'ambo ya ziwa nina ndugu. Julai 1960 Tshombe alitangaza jimbo lake la Katanga nchi huru, siku 11 tu baada ya Kongo yenyewe kupata uhuru. Bendera, sarafu, jeshi, kila kitu. Lakini nyuma yake kulikuwa na kampuni ya madini na maofisa wa Kibelgiji, na ilipofika Januari 1963 Katanga ikaisha. Hakuna nchi iliyoitambua rasmi. Ule uhuru uliitwa uhuru, lakini ufunguo ulikuwa Brussels.

Na leo? Katiba ya Kongo ya 2006 inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao. Mwaka 2015 majimbo 11 yakagawanywa yakawa 26, na ng'ambo yetu hii likazaliwa jimbo linaloitwa Tanganyika, makao yake Kalemie. Jina kubwa. Muulize ndugu yangu wa Kalemie kama ile 40 imefika. Atakuonyesha barabara. Kwa hiyo kufuli imeandikwa kwenye katiba kabisa na bado sanduku linafunguliwa na mwingine. Hapo mleta uzi unasemaje?

Mshika Ufunguo

Kijana wa Chemchem, marahaba mwanangu. Mwana Ujiji, ile ya faranga moja sikuwa nayo kichwani, ahsante, na nakubali: kuna maneno hayasemeki mpaka uwe mwenye nyumba. Sitaibishia.

Nianze na kijana. Mwanangu, kikundi chetu kilizaa kikundi. Miaka minne iliyopita wanawake tisa walichoka na sisi. Walisema tunachelewesha mikopo, tunapendelea wa mtaa wa juu, na baadhi ya waliyosema yalikuwa kweli. Wakajitoa, wakanunua sanduku lao jipya la rangi ya kijani. Siku ya kulifungua walipika pilau, na sisi tulialikwa tukaenda na tukapiga vigelegele kwa moyo mmoja. Mwenyekiti wao alikuwa ndiye aliyewatoa, mwanamke shujaa, wakamwamini. Akasema kufuli tatu ni za watu wasioaminiana, sisi ni ndugu, inatosha moja nitashika mimi. Mwaka wa pili wanawake wale wakawa wanapita kwangu usiku mmoja mmoja kuniuliza kama wanaweza kurudi. Hela hawakuziona. Mwenyekiti hakuwaibia kwa siku moja. Aliazima, akarudisha, akaazima tena, na hakukuwa na mtu wa kumwambia fungua tuhesabu.

Sasa chukua Eritrea uliyoitaja. Wamepata nchi 24 Mei 1993, kwa damu ya miaka 30, na hakuna mtu mwenye haki ya kuwaambia hawakustahili. Katiba yao iliidhinishwa 1997. Haijatumika mpaka leo, na hawajapiga kura ya kumchagua rais tangu uhuru. Sudan Kusini walisherehekea tarehe 9 Julai 2011, na Desemba 2013 wakubwa wawili waliopigana msitu mmoja wakageuziana bunduki Juba. Wale asilimia 99 hawakukosea hata chembe kutaka kutoka. Walichohitaji ni kufuli tatu siku ile ya pilau, na siku ya pilau ndiyo siku ambayo mtu akitaja kufuli anaonekana mchawi.

Ndiyo maana sikubali ukiniambia dawa ni kutoka. Kutoka kunamwondoa yule mshika funguo wa kwanza. Wa pili anakuja na wewe, kwenye lori lile lile.

Mwana Ujiji, swali lako la asilimia 40 ni gumu na nimelala nalo. Kufuli iliyoandikwa kwenye karatasi bila mtu wa kuishika ni mchoro wa kufuli. Kikundini kwetu ufunguo una jina la mtu, na mtu huyo akisema hapana, sanduku halifunguki, hata mwenyekiti apige magoti. Kongo nani ana nguvu ya kusema hapana pale fedha zinapobaki Kinshasa? Kama hakuna, basi jimbo lina haki ya kulalamika tu, na kulalamika si madaraka.

Mpemba wa Reli

Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa Pemba, kazi imenileta Tabora mwaka wa tisa sasa, na asali yenu imenishinda kuiacha. Huwa siingii mijadala hii kwa sababu bara wengi wanaifanya ya mzaha. Huu haukuwa wa mzaha, nimeingia.

Dada, hoja yako ya funguo ni njema, na kwa upande wetu imo kidogo. Zanzibar ilipata uhuru 10 Disemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 siku ile. Leo yapo 22. Kila lililoongezwa lilipita kwa utaratibu wa sheria, lakini mzee wa kawaida kule Chake aliamka tu asubuhi akasikia na hili nalo halipo tena kwetu. Ni kweli Katiba ya Jamhuri inasema, katika ibara ya 98, kuwa mambo mazito ya Muungano hayabadiliki mpaka theluthi mbili ya wabunge wa bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar wakubali, kila upande kwa hesabu yake. Hiyo ni kufuli ya mikono miwili, sikatai. Lakini mbunge wa chama anapiga kura ya kisiwa au ya chama? Januari 1984 Rais wetu Aboud Jumbe alijiuzulu baada ya kikao cha chama Dodoma, kwa sababu ya swali hili hili la muundo wa Muungano. Kikao cha chama, dada. Bunge halikuhusika.

Na kuna kitu ufunguo wako haukifikii. Jina. Machi 2017 Zanzibar ilipewa uanachama kamili wa Shirikisho la Soka Afrika. Siku ile nilikuwa hapa Tabora, Ng'ambo, kwenye kibanda cha kahawa. Nilisimama nikawanunulia kahawa watu wote, na wanyamwezi wa watu wakanipongeza kama nimepata mtoto. Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa, tukaambiwa Zanzibar si nchi. Nilirudi kibandani, hakuna aliyenicheka, muuza kahawa akanimiminia bila kuniuliza na hela akakataa. Hapo hapakuwa na kodi wala mafuta wala bunge. Kilichokuwepo ni kuitwa au kutoitwa. Mwenye kusema mamlaka kamili mara nyingi anasema hilo, na watu wanamjibu kwa hesabu za bajeti.

Babu wa Asali

Naandikiwa na mjukuu, mimi macho hayaoni herufi ndogo.

Binti yangu mleta uzi umezunguka Eritrea na Sudan, hujagusa hapa nyumbani. Mwaka 1972 mimi nilikuwa karani kijana katika halmashauri moja ya wilaya mkoani humu. Tulikuwa na madaraka yetu, madogo lakini yetu. Tulikusanya kodi, tulikuwa na barabara zetu na greda letu moja bovu ambalo dereva alilipenda kuliko mke. Madiwani waligombana mpaka saa mbili usiku juu ya kisima kichimbwe Kata ipi.

Ikaja sera iliyoitwa Madaraka Mikoani. Sikilizeni jina hilo. Kwa jina la kupeleka madaraka kwa wananchi, halmashauri za wilaya zikafutwa, na kazi zake zikahamia kwa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mkoani. Siku ya kukabidhi lilikuja lori. Tulipakia majalada, mashine mbili za kuchapia, rejista za kodi, na saa ya ukutani. Saa ile ilinunuliwa kwa mchango wa madiwani. Nikamwambia mkubwa aliyekuja, hii si mali ya ofisi. Akaniuliza risiti iko wapi. Risiti ilikuwa kwenye jalada, na jalada lilikuwa chini ya mizigo. Ukuta ulibaki na duara jeupe pale saa ilipokuwa, na mimi nilikaa kulitazama mpaka nikapata kazi kwingine.

Miaka michache baadaye na vyama vya ushirika vikafutwa, 1976. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982, zikaanza kazi 1984, na mwaka huo huo Mwalimu mwenyewe alikiri kuwa kuzifuta halmashauri na ushirika lilikuwa kosa. Mimi nampenda Mwalimu mpaka leo kwa kukiri. Wakubwa wangapi wanakiri? Lakini nataka vijana muone: zilifutwa na mkono mmoja, zikarudishwa na mkono ule ule. Diwani hakuulizwa mara ya kwanza, wala mara ya pili.

Mshika Ufunguo

Babu, shikamoo. Duara jeupe la ukutani nimeliona kama nipo pale.

Umenirudisha nyumbani na ni kweli nilikuwa nakwepa, maana mambo ya mbali yanaongeleka kirahisi. Leo halmashauri zimo ndani ya Katiba, ibara ya 145 na 146, haziwezi kufutwa kama 1972. Lakini angalia kilicho ndani ya sanduku. Mkoa wetu ni wa tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge, halmashauri zinaishi kwa ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa sheria iliyopitishwa Dodoma. Mkulima alipata nafuu na mimi kaka zangu ni wakulima, sikulia. Ninachouliza ni kwamba halmashauri iliyopanga zahanati kwa ile 5 ilikuwa na ufunguo gani wa kusema subirini kidogo? Kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri, mwaka 2016 ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 tunakatwa kwenye LUKU. Nikinunua umeme wa elfu tano, kodi ya nyumba yangu ya Isevya inaondoka hapo hapo kwenye simu, na diwani wangu anasikia kama mimi nilivyosikia. Huenda njia hii inakusanya vizuri zaidi, sibishi. Ila ndivyo sanduku linavyofunguliwa na asiyekuwepo.

Kwa hiyo kijana akiniuliza kama madaraka ya ndani yanawezekana kabisa, yaani kuna mahali yamesimama, namwambia yapo. Kuna visiwa vinaitwa Åland, kati ya Finland na Sweden. Watu kama elfu 30 tu, wanasema Kiswidi. Baada ya Vita vya Kwanza walitaka kwenda Sweden, Finland ikakataa, na mwaka 1921 Shirikisho la Mataifa likaamua wabaki Finland lakini wajitawale. Mpaka leo wanajitawala, zaidi ya miaka 100. Kilichowashikilia ni hiki: sheria ya kujitawala kwao haibadilishwi na bunge la Finland peke yake. Bunge lao dogo la visiwani lazima nalo likubali. Funguo mbili, nyumba mbili. Kenya nao, baada ya kupoteza majimbo yao miaka ile ya 60, walirudi 2010 na kaunti 47, wakaandika kwamba zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kwamba mambo ya msingi ya ugatuzi hayabadilishwi bila kura ya maoni ya wananchi. Kila mwaka magavana wanapiga kelele kuwa fedha zimechelewa. Ni kweli zinachelewa, lakini gavana anapiga kelele akiwa na katiba mkononi, na hakimu yupo wa kumsikiliza. Babu hapo juu, enzi zake za ukarani, hakuwa na hata risiti mkononi.

Uskoti ni mfano wa upande mwingine. Wana bunge lao tangu 1999, linafanya mengi. Septemba 2014 walipiga kura ya uhuru, asilimia 55 wakasema tubaki. Walipotaka kupiga nyingine, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema Novemba 2022 kwamba bunge la Uskoti halina uwezo wa kuitisha kura hiyo bila London. Hata mimi ambaye sina hisa kule, nilipoisoma niliwaelewa wanaotaka kutoka. Waliokuwa hawana hakika wameonyeshwa ufunguo uko wapi.

Kaka yangu Mpemba, wewe nimekuacha mwisho kwa sababu sina jibu. Hoja yangu ya funguo ni ya sanduku, na wewe umeniambia habari ya jina. Nilitaka kukujibu kwamba jina ni maneno tu, nikakumbuka wanawake tisa wa sanduku la kijani. Jambo la kwanza walilofanya, kabla ya kununua kufuli, ni kukipa kikundi jina na kuliandika kwa rangi ubavuni. Hata walipokuja kwangu usiku kuomba kurudi, mmoja aliniuliza kama tunaweza kuwapokea wakiwa na jina lao. Nilimwambia nitaleta kikaoni. Tulilikataa. Nilipiga kura ya kukataa na mimi. Nimekusoma wewe na ile kahawa ya Ng'ambo, nimejua kwa nini ni wanne tu kati yao waliorudi.

Kijana wa Chemchem

Mama, swali moja halafu nanyamaza. Ungekuwa mtu wa mahali kama hapo, umepewa karatasi ya kura, upande mmoja madaraka ya ndani, upande mwingine uhuru kamili, ungetia alama wapi?

Mshika Ufunguo

Ningeomba kwanza katiba zote mbili, mwanangu. Ile ya kubaki na ile ya kutoka. Katika kila moja nisingeanza na ukurasa wa bendera wala wa mipaka. Ningefungua kule nyuma kwenye kifungu cha marekebisho, nisome nani anaweza kuibadilisha na nani lazima aulizwe. Anayenitaka nibaki akinionyesha kwamba hawezi kugusa kitu bila ridhaa yangu, nabaki. Akisema tuaminiane, natoka. Na anayenitaka nitoke akija hana katiba, ana bendera tu na pilau, namwambia arudi nayo ndipo nipige kura. Asiporudi nitabaki kwa huzuni, nikijua nimebaki na mwenye nyumba ninayemfahamu ubaya wake.

Kikundini tumeletewa hoja kwamba kufuli tatu zinachelewesha, tubaki na mbili. Aliyeileta ni yule mama aliyekosa ada siku ya msiba wa Nzega, na ana haki ya kuileta kuliko mtu yeyote. Tunapiga kura Jumamosi saa kumi, chini ya mwembe ule ule. Wanne waliotoka sanduku la kijani wamekuja kwangu mapema kuuliza kama na wao wanaruhusiwa kupiga. Nimewaambia wakae mstari wa mbele.